Gauni la Kupigia Selo

12 Februari
Bweni la chuo, chumba namba 9

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utaiweka juu ya cherehani na kuishona pamoja na kola ya mtu. Mimi sijambo. Mafua yameisha, yameniachia sauti ya chura. Mwalimu wangu wa kwanza wa selo, yule wa ghorofani, mwambie kucha za mkono wa kushoto bado nazikata kila Jumamosi kama alivyonifundisha, na nikichelewa kuzikata namsikia akiguna.

Sasa sikiliza. Nimechaguliwa. Tarehe 18 Mei chuo kinafanya Siku ya Chipukizi. Ni siku nzima ya muziki wa klasiki, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wapigaji vijana kumi na wanne, kila mmoja na dakika zake ishirini na tano jukwaani. Mimi nimepewa saa nane na nusu mchana, saa ambayo watu wameshiba na wanasinzia, lakini nimeipokea kwa mikono miwili. Wakubwa wa okestra ya vijana watakuwepo. Wanatafuta mpiga selo mmoja. Mmoja tu, Mjomba. Nikichukuliwa, miaka yangu miwili hapa itakuwa na maana.

Nimekuwekea kiti safu ya tatu. Redio itarusha siku nzima, najua, lakini mimi nataka uwepo. Tangu mama afariki sina mtu mwingine wa kumpigia. Na hata wewe, miaka yote ile nimepiga mgongoni kwako, unashona, hukuwahi kugeuka.

Mpiga piano wangu ni kijana mwenye hasira za karibu. Analalamika kwamba namwacha njiani, halafu namngoja. Tutazoeana.

Hapa tuko wengi na bado nakula peke yangu. Wenzangu wanazungumzia nyumba zenye piano sebuleni. Nikiwaambia nimejifunzia kwenye chumba cha fundi cherehani wanadhani natania. Jina ulilonipa, la kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, halijui mtu hapa, kwa hiyo nalitumia kwenye barua zako tu, lisije likafa.

Mpwa wako,
Bobini


1 Machi
Chumbani kwa fundi

Bobini wangu,

Marahaba. Nimeisoma nimekaa, usijali. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza haraka haraka, nikitafuta kama unaumwa. Mara ya pili kwa raha zangu. Mara ya tatu nilimsomea mwalimu wa ghorofani, akajifanya ameingiwa na vumbi machoni.

Yeye anahamia kwa mwanawe mwisho wa mwezi huu. Ghorofa ya juu itabaki tupu. Nimemwambia afadhali, nitapumzika na kandambili zake zinazoanza kutembea saa kumi na moja alfajiri. Nilisema hivyo ili acheke. Ukweli ni kwamba nitazitamani.

Ungeweza kunipigia simu ya dukani, najua, ila pale ukisema neno moja mtaa mzima unakujibu. Barua ni bora. Barua hainisikii nikijikuna kichwa.

Kuhusu kuja, siwezi. Nina sare za shule za kumaliza, na mwezi wa tano ndio wenyewe. Usinune. Nitakusikiliza redioni, nimefunga mlango, na mteja atakayegonga saa nane na nusu atajua mwenyewe la kufanya na suruali yake.

Lakini gauni nitakushonea, hilo usiniombe wala usinizuie. Nimelifikiria sana. Mwimbaji anasimama, huyo unaweza kumbana upendavyo. Mpiga selo anakaa, anafungua magoti, na lile fidla kubwa lenye tumbo linaingia katikati. Gauni la kubana litakuumbua mbele ya watu. Kwa hiyo marinda mapana mbele, mabega huru ili mkono wa kulia usinaswe, urefu wa kufunika viatu, na rangi iwe buluu iliyoiva. Niletee vipimo vyako. Vya zamani ninavyo, ila usiniambie miaka miwili ya chakula cha chuo imekuacha ulivyokuwa.

Tundu lililochimbwa na ncha ya selo yako bado lipo sakafuni. Nikifagia, ufagio unalikwepa wenyewe.

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Vipimo nilituma kwenye kipande cha karatasi bila hata salamu, na hilo nalo nisamehe.

Gauni limefika. Linanikaa kana kwamba ulikuwa hapa na tepu yako shingoni. Nilikaa nalo kwenye ukingo wa kitanda, nikafungua magoti, marinda yakaanguka kila moja mahali pake. Nikakaa hivyo kwa muda. Kisha nikalivua nikalitundika.

Ulifanya vizuri kusema huji. Ukumbi una baridi, viti ni vya mbao, siku yenyewe ndefu. Redio inatosha. Na hata redio, usiache kazi kwa ajili yake.

Nina swali na nakuomba usiniulize sababu. Unaposhona mkono wa shati, cherehani inakwendaje? Nataka kujua inakimbia wapi na inapunguza wapi, na baada ya muda gani.

Mwalimu wangu wa hapa, yule mama mrefu asiyecheka, amesema nipumzike kidogo. Basi nimepumzika.

Bobini


20 Aprili

Bobini,

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wa ghorofani ameshahama. Ameniachia birika lake na chungu cha maua ambayo sijui yanataka maji kiasi gani, kwa hiyo nayauliza kila asubuhi. Huko ndiko nilikofika, kuzungumza na chungu.

Swali lako limenifurahisha. Miaka thelathini na moja nakanyaga cherehani na hakuna aliyewahi kuniuliza inakwendaje. Wanaouliza huuliza itakuwa tayari lini, basi.

Mkono wa shati ni hivi. Unaanza polepole, maana uzi ukishtuliwa unajikunja chini na utafumua kwa meno. Ukishashika, mshono umenyooka mbele yako, hapo mguu unakimbia. Kwa shati la mtu mzima hesabu ni arobaini na nane. Mimi huwa nahesabu bila kujua, kama mtu anayeota. Ukikaribia mwisho, penye kifungo, unapunguza, unapunguza, unasimama na sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Unainua mguu wa cherehani, unageuza nguo, unashusha, unaanza tena polepole. Fundi asiyepunguza kwenye kona anashona vidole vyake. Nilipokuwa nakufundisha kuhesabu, ukiwa na miaka saba, ulikuwa unaishia hapo hapo, arobaini na nane, halafu unarudi moja. Nilidhani una kichwa kigumu.

Umesema nisiulize, siulizi. Ila nimeona kwamba Februari ulinivuta na Aprili unanisukuma. Na mtoto niliyemlea namjua anaponificha jambo, huwa anakuwa mpole.

Redio nimeitia betri mpya.

Mjomba wako


22 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Habari za chungu? Mimi mzima, miguu tu imechoka.

Siku ya Chipukizi imepita. Ilifunguliwa na msichana wa filimbi aliyetetemeka mpaka filimbi yake ikapata mtikisiko mzuri ambao haukuandikwa kwenye nota. Kijana mmoja wa fidla alikatikiwa na waya katikati ya kazi, akaendelea na tatu zilizobaki, watu wakasimama. Mapacha wawili wa piano walinuniana hadi wanapanda jukwaani, na walipoanza kupiga ungedhani wana mikono minne na roho moja. Mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa selo wa miaka kumi na mbili. Kiti chake kilikuwa kinayumba. Kikawekewa karatasi chini ya mguu, kikatulia, akapiga mpaka watu wakasahau kupiga makofi. Ukumbi ulijaa asubuhi, ukapungua mchana, jioni ukajaa tena.

Kwangu kulikwenda vizuri. Gauni lilisifiwa. Okestra ya vijana imemchukua mwingine, lakini si neno.

Natumaini ulisikia. Kama mtangazaji alitaja jina jingine kwa bahati mbaya, usishangae, watu wale huchanganya karatasi zao.

Bobini


10 Juni

Bobini wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, kila nilipoanza nilichana. Chungu kimetoa ua moja, jeupe, limeinamia dirishani utadhani linasubiri mtu.

Siku ile nilikaa na redio tangu saa tatu. Filimbi niliisikia. Mapacha niliwasikia. Ilipofika saa nane na dakika ishirini redio ikakohoa, ikanyamaza, ikarudi saa tisa na nusu kama haijafanya kitu. Kwa hiyo la kwako lilinipita. Siwezi kukusifia wala kukukosoa. Umesema lilikwenda vizuri na mimi nakuamini, tuliache hapo.

Okestra kumchukua mwingine ni hasara yao. Hilo ningelisema hata ungekuwa unapiga debe la mafuta ya taa, kwa hiyo usilitilie maanani sana.

Kabla sijafunga bahasha. Lile pindo la gauni limefumuka nyuma, upande wa kushoto, upana wa vidole vinne. Usiliache hivyo, ukilikanyaga litakwenda lote. Nimekuzungushia uzi wake kwenye kipande cha kadi, uko humu ndani. Shona kwa mkono, mishono midogo, usivute.

Mjomba wako


19 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikashusha pumzi, nikasema ahsante redio mbovu. Kisha nikafika mwisho, kwenye pindo.

Pindo lile lilinaswa na mguu wa kiti siku ile ile, saa nne asubuhi, nyuma ya jukwaa. Halikuwa limefumuka kabla yake. Tangu siku ile gauni limetundikwa, sijalivaa, sijamwonyesha mtu. Anayejua kwamba limefumuka, na upande gani, na vidole vingapi, ni mtu aliyekuwa ndani ya ukumbi ule akaniangalia kwa jicho la fundi. Hukuwa na redio, Mjomba. Ulikuwepo.

Basi umeniona, na mimi sina tena cha kuficha. Sikupiga. Waliniondoa kwenye ratiba mwezi Machi, gauni likiwa bado mikononi mwako, na sikuweza kukuambia uache kushona. Siku yenyewe waliniomba nibebe viti na kupanga stendi za nota kati ya mpigaji na mpigaji. Ningeweza kukataa. Nilikubali kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kulivaa gauni lako juu ya jukwaa.

Waliniondoa kwa sababu sishiki mapigo. Yule mama asiyecheka alikaa na saa yake na nota zangu, akaweka alama ya kalamu kila nilipopunguza mwendo. Kisha akaniita akanionyesha. Ilikuwa kila baada ya vipimo kumi na viwili vya nota, bila kukosea hata mara moja. Akaniuliza, "Kuna nini hapa? Nani amekufundisha kusimama hapa?" Nikasema sijui. Lakini nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Kipimo kimoja kina mapigo manne, na vipimo kumi na viwili ni mapigo arobaini na nane. Nilikuuliza ili unikatalie. Ukanijibu kwa furaha, na hesabu juu.

Miaka kumi nimejifunza kupiga nyuma ya cherehani yako. Ilipokimbia nilikimbia, ulipogeuza nguo nilivuta pumzi. Sikujua kwamba nafanya hivyo. Mpiga piano ananingoja kwenye kona ya shati ambayo haioni. Wananiwekea mashine ya kugonga mapigo mezani, nikiisikia inanitia uchungu, maana haigeuzi kamwe.

Sikutaka ujue. Ningekuambia nini? Kwamba kile kilichonilea ndicho kilichoniteremsha jukwaani? Ungekaa hapo ukajilaumu peke yako, na mwalimu wa ghorofani hayupo wa kukuambia uache ujinga.

Selo sijaigusa tangu Mei. Mtihani wa chuo ni Septemba na nikianguka ndio mwisho, narudisha ufunguo wa chumba na selo yao. Nimefikiria kuurudisha sasa hivi, niwapunguzie shughuli.

Nina hasira na wewe na nimekukumbuka kwa wakati mmoja, sijui nianze na lipi. Ulikuwa hatua chache kutoka kwangu siku nzima. Kwa nini hukuja kunisalimia?

Bobini


2 Julai

Mwanangu Bobini,

Marahaba.

Nimeshindwa na pindo. Niliapa sitakuambia, nikaandika barua nzima ya uwongo bila kuteleza, halafu mwishoni mkono wa fundi ukaandika wenyewe. Siwezi kuona nguo imefumuka nikanyamaza. Ningekuwa jambazi wangenikamata siku ya kwanza.

Sasa na mimi nikuambie ya kwangu. Goti la kulia liligoma Desemba. Halikanyagi tena. Daktari alilibonyeza akaniuliza kazi yangu, nilipomwambia akatazama pembeni. Cherehani nimeifunika shuka. Sare za shule nilizokuwa nakusimulia hazikuwepo, walizipeleka kwingine tangu Januari. Nimebaki na vifungo, viraka na zipu. Uliponiuliza inakwendaje, nilifumba macho nikaisikiliza kichwani, nikakuandikia. Ile furaha uliyoisoma ilikuwa ya mtu anayemzungumzia marehemu.

Gauni lako lote nimelishona kwa mkono. Angalia mishono ya ubavuni, wewe uliyekulia chini ya meza yangu utaijua. Nililianza siku nilipopata vipimo, na pindo nililimalizia asubuhi ya kulipeleka posta, kwa haraka, ndiyo maana halikustahimili kiti.

Nilikuja kwa basi la alfajiri. Nilikuambia siji kwa sababu sikutaka uone ninavyopanda ngazi. Nilikusudia nikushtue jioni, ukishamaliza, nikiwa nimeshakaa. Sikwenda safu ya tatu. Nilikaa nyuma kabisa karibu na nguzo, nikanyoosha goti kwenye njia.

Baada ya filimbi ukatoka na kiti. Nililijua gauni kabla sijakujua wewe. Nikasema moyoni, wamebadilisha saa, ndiye huyu. Nikajiweka sawa. Ukaweka kiti, ukakisogeza kidogo, ukaondoka. Akaja mwingine akakikalia. Nikadhani unasaidia tu, yako ni saa nane na nusu. Kila ulipotoka tena niliinuka kidogo. Ikafika saa nane na nusu, akatoka kijana na fidla. Nikasema basi wamemweka mwisho, mwisho huwekwa aliye bora. Nikangoja. Sikwenda kula, nisije nikakukosa. Wapigaji kumi na wanne, Bobini, na kila kiti ulichokileta nilidhani ni chako.

Mtoto yule wa miaka kumi na mbili alipoyumba, ulipiga goti na gauni lako, ukakunja karatasi ya ratiba mara nne, ukaiweka chini ya mguu wa kiti, ukakibonyeza kwa kiganja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafanya na cherehani kila Jumatatu. Nilimgeukia mama aliyekaa jirani nikamwambia, "Yule ni wangu." Akaangalia jukwaani, akadhani nasema yule mtoto, akanipongeza. Sikumsahihisha. Nilikuwa naona fahari na naona uchungu, na mtu nisiyemjua ananishika mkono.

Unauliza kwa nini sikuja. Nilifika mpaka mlango wa nyuma. Nikakuona unabeba viti viwili viwili, umekunja uso kama mamako. Nikajua nikikuita itabidi unieleze hapo hapo, umeshika viti. Nikaona uliyonitayarishia kuniambia ni afadhali nikayasome kwenye barua. Nikarudi kituoni. Nilikosea. Ningekupokea viti, basi, hata kimoja. Njia nzima nilikuwa nalifikiria hilo.

Hilo la mapigo limenikaa kooni tangu niliposoma. Kujilaumu najilaumu, usinizuie, nina nafasi ya kutosha humu. Lakini mimi si mtu wa muziki, nasema ninachokijua. Mshono ukishaingia vibaya hautupi nguo. Unafumua pale pale ulipokosea, kwenye mwanga, bila haraka. Na hapa nyumbani sasa hakuna kinachokanyagwa. Juu kimya, chini kimya. Tangu Desemba nimekaa na ukimya huu nikiuona hauna kazi yoyote. Wewe una kazi nao.

Njoo Agosti na selo, kabla ya mtihani. Ufunguo usirudishe bado. Piga hapa, kwenye chumba kile kile, mpaka usikie mwenyewe unaposimama bila cherehani kukuambia. Ukifika arobaini na nane nitakohoa kukukumbusha, na wewe usisimame, endelea arobaini na tisa. Nitakuwa nimekaa nimekuangalia, kwa sababu sina tena cha kunifanya nikupe mgongo.

Kiti chako kipo pale pale karibu na tundu. Kilikuwa kinayumba, nimekiwekea karatasi. Ukifika, usikibebe. Kaa.

Mjomba wako